Sura ya Tano: Filamu Hupoteaje?

Pale Dumila, barabara ya kwenda Kilosa inapochepuka kutoka ile ya Morogoro–Dodoma, mabasi husimama kidogo na madirisha yake huzungukwa na sado za nyanya na vitunguu. Nyuma ya wauzaji kuna vibanda vya kujaza muvi: kompyuta moja, spika mbili zenye vumbi, waya wa umeme uliofungwa kwa selotepu, na karatasi ya bei ukutani. Unatoa flashi yako, unataja unachotaka, kijana anakurushia. Vijana wa kazi hiyo ndio huuliza swali la sura hii, tena kwa mashaka: "Mzee, hiyo filamu unayosema imepotea, imepoteaje? Si ipo tu mtandaoni?"

Hawana kosa kuuliza hivyo. Wamekulia zama ambazo muvi ikitoka asubuhi, jioni ina nakala zisizohesabika. Miaka mia moja iliyopita filamu ilikuwa kitu cha kushikika kwa mkono: utepe mrefu uliosokotwa kwenye gurudumu, gurudumu likafungiwa ndani ya kopo la bati, na kopo likawa na mwenyewe. Nakala zilikuwa chache. Ya mwisho ikiharibika, basi. Filamu huitwa iliyopotea pale ambapo hakuna nakala yake inayojulikana popote, si kwenye hifadhi ya umma wala kwa mtu binafsi.

Zilizoathirika zaidi ni filamu za kimya, yaani zile zilizotengenezwa kabla sauti haijaanza kurekodiwa pamoja na picha. Maneno ya waigizaji yaliandikwa kwenye vibao vilivyoonyeshwa kati ya picha na picha, na ukumbini kulikuwa na mpiga kinanda. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa hesabu yake: kati ya filamu ndefu za kimya zipatazo 11,000 zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929, zilizobaki kamili katika umbo lake la kwanza ni asilimia 14 tu. Asilimia 70 hivi zimepotea kabisa. Na hiyo ni Marekani, yenye pesa na maghala.

Moto, siki na madini

Tuanze na utepe wenyewe. Filamu za sinema za zamani zilichapishwa kwenye utepe wa naitreti, plastiki inayotokana na pamba iliyotiwa tindikali. Ni ndugu wa baruti. Ikishika moto haizimiki kwa maji, kwa sababu inajitengenezea hewa ya kuwakia yenyewe. Hata bila moto huoza: huanza kunata, hutoa povu, mwisho hubaki unga wa rangi ya kahawia ndani ya kopo. Julai 9, 1937, ghala la kampuni ya Fox lililokuwa Little Ferry, New Jersey, liliungua katika joto la kiangazi. Sehemu kubwa ya filamu za kimya za kampuni hiyo iliteketea siku hiyo.

Baadaye ukaja utepe wa asiteti, uliopewa jina la filamu salama kwa kuwa hauwaki ovyo. Nao una ugonjwa wake. Ukikaa kwenye joto na unyevu hutoa harufu ya siki, hujikunja, hunywea na kukatika. Juu yake kuna tabaka la jelatini, na ukungu huipenda jelatini kama unavyoupenda mkate. Ghala lililofungwa la mji kama Kilosa wakati wa masika lina kila kitu ambacho ukungu unahitaji.

Kuna na madini. Picha nyeusi na nyeupe ilitengenezwa kwa chembechembe za fedha, ile ya kutengenezea pete na mikufu. Kampuni nyingi ziliuza filamu zao kuukuu kwa wayeyushaji waliochuja fedha na kutupa kilichobaki.

Lakini mimi naona moto na kuoza vinasingiziwa sana. Filamu za sauti zilipoingia sokoni kuanzia 1927, zile za kimya zilikosa mnunuzi ndani ya miaka michache. Kuzitunza kulikuwa gharama na hatari, kuziuza hakukuwezekana. Mwenye ghala hakuhitaji chuki yoyote na sanaa ili aziache zife. Alihitaji tu kufanya hesabu zake vizuri.

Kwa ufupi: filamu hufa kwa kuungua, kuoza, kuyeyushwa au kutupwa, na mara nyingi huanza kufa siku mwenye nayo anapoamua kwamba haina faida tena.

Mtunza bustani na mke wa picha

Mfano mzuri ni filamu iitwayo The Honorable Friend, ya mwaka 1916. Ni tamthilia ya kimya iliyotengenezwa Hollywood, na waigizaji wake wengi walikuwa Wajapani. Mkuu wao alikuwa Sessue Hayakawa, aliyezaliwa Japani mwaka 1886 na ambaye filamu ya The Cheat ya 1915 ilimfanya ajulikane kila mahali. Kando yake yumo mkewe, Tsuru Aoki. Hayakawa anaigiza mtunza bustani huko California. Tajiri mmoja mzee, Mjapani mwenziwe, anataka kuoa binti kutoka nyumbani, naye anamtumia kijana huyo kama chambo. Enzi hizo wanaume wa Kijapani waliohamia Marekani walikuwa wakioa kwa kubadilishana picha: familia zinakubaliana, picha zinavuka bahari, kisha bibi harusi anapanda meli kumfuata mtu ambaye hajawahi kumwona. Binti anafika, moyo wake unaangukia kwa mtunza bustani, na mambo yanaharibika. Tajiri yule aliigizwa na Mzungu aliyepakwa vipodozi, Raymond Hatton. Hollywood ilikuwa na tabia hiyo na haikuiona aibu.

Filamu hiyo haipo tena. Hata hivyo, tunajua nani aliigiza nini, nani aliongoza (Edward LeSaint), kampuni gani iliitoa na kisa chake kilikwendaje. Magazeti ya wakati huo yaliiandika, matangazo yalichapishwa, picha za Hayakawa ziliuzwa. Mwaka 1918 alianzisha kampuni yake mwenyewe, Haworth, akatengeneza filamu alizotaka. Moja, The Dragon Painter ya 1919, ilidhaniwa imepotea hadi nakala yake ilipoonekana Ufaransa. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, aliigiza kamanda wa kambi ya wafungwa katika The Bridge on the River Kwai ya 1957 na akapendekezwa kupata tuzo ya Oscar. Alikufa mwaka 1973, na filamu zake nyingi za ujanani zilikuwa zimemtangulia. Jina lake halikwenda nazo. Shikilia hilo, tutalihitaji mbele.

Vugiri, juu ya Korogwe

Sasa turudi kwetu, maana huku nako kuna filamu zilizopotea, na habari zake hazisimuliwi vya kutosha.

Mwaka 1935, kwenye milima ya Usambara juu ya Korogwe, mahali paitwapo Vugiri, palianzishwa studio ya filamu. Mradi huo ulijulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la kuwafundisha Waafrika kwa kutumia sinema. Wazo lilitoka kwa Baraza la Kimataifa la Wamisionari kupitia Mmarekani J. Merle Davis, na pesa nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Upigaji wa picha ulisimamiwa na Leslie Alan Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge nchini Kenya. Huko, mwaka 1926, alianza kufikiri kwamba filamu zingeweza kuwatuliza vibarua wasikimbie kazi. Upande wa elimu ulikuwa wa Geoffrey Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo.

Kwa miaka miwili hivi walitengeneza filamu fupi 35. Nyingine zilikuwa za mafunzo: ngozi, chai, mmomonyoko wa udongo, malaria ya watoto. Nyingine zilikuwa tamthilia kamili, na hizo ndizo zinazonivutia. Ya benki ya akiba ya posta ilikuwa na vibarua wawili waliopokea mshahara. Mmoja anafukia pesa zake, mwizi anazifukua, mwenzake aliyepeleka zake posta anabaki salama. Nyingine, Gumu, ilimfuata kijana wa shamba anayeharibikiwa mjini. Ipo iliyoitwa Tax, iliyoeleza kwa nini watu watoe kodi na kodi inafanya kazi gani. Unaweza kukisia ilivyopokelewa na mtu aliyekuwa ametoka kukimbizwa na askari wa kodi wiki iliyopita.

Filamu ziliwekwa kwenye lori pamoja na jenereta, projekta na kitambaa cheupe cha kuonyeshea. Kuanzia mwishoni mwa 1935 hadi mwanzoni mwa 1936 lori hilo lilizunguka Tanganyika na nchi jirani, na waandaaji walikadiria kwamba watu 80,000 hivi walitazama.

Mwaka 1937 pesa za Carnegie ziliisha. Serikali za Tanganyika, Kenya na Uganda ziliombwa kuuendeleza mradi, zikakataa. Studio ikafungwa. Leo, kati ya filamu zile 35, zinazojulikana kuwapo ni tatu tu, zote zikiwa kwenye hifadhi ya filamu ya Uingereza: moja ya minyoo ya safura, moja ya mafunzo ya mifugo, na moja ya wakulima wadogo wa Kingolwira. Kingolwira hiyo ni hii hii iliyo jirani na Morogoro upande wa Dar es Salaam. Kutoka hapo hadi Dumila haifiki kilomita 100.

Hazikuungua

Mtu akisikia 32 kati ya 35 zimepotea hufikiria moto. Haukuwa moto. Filamu za Vugiri zilipigwa kwenye utepe wa milimita 16, mwembamba kuliko ule wa milimita 35 wa kumbi kubwa za sinema, na utepe wa milimita 16 ulikuwa wa aina salama. Gurudumu lake moja la futi 400 likizungushwa kwa mwendo wa filamu za kimya huonyesha picha kwa dakika 16 na ushee, nalo huenea kwenye kopo unaloweza kulibeba kwapani. Ulichaguliwa kwa sababu ni rahisi kwa bei, mwepesi kwenye lori na hauwaki.

Wepesi huo huo uliziponza. Filamu ya Fox ilikuwa mali kwenye vitabu vya kampuni. Ikiungua, kuna mhasibu anayelia. Kopo la Vugiri halikuwa mali ya mtu. Wamisionari walishamaliza jaribio, Carnegie walishapokea ripoti, serikali zilishasema hapana. Matokeo yakaandikwa kwenye kitabu, The African and the Cinema, kilichochapishwa London mwaka 1937, na kwa waliohusika kitabu ndicho kilikuwa zao la kazi. Filamu zenyewe zilikuwa vifaa vilivyokwisha kazi. Ni kwa sababu ya kitabu hicho kwamba mimi na wewe tunaweza kusimuliana leo habari ya mwizi na pesa za kibarua.

Sauti iliyokaa pembeni

Filamu hizi hazikuwa za kimya kabisa. Kurekodi sauti ndani ya utepe kulikuwa ghali, kwa hiyo sauti iliwekwa kwenye santuri iliyochezwa sambamba na picha. Hilo liliwapa waandaaji faida kubwa: picha moja, santuri za lugha tofauti. Kiswahili kilitumika, na Kiganda, Kikikuyu, Kijaluo, Kisukuma, Kinyanja na nyinginezo. Pasipo santuri, mtu alishika kipaza sauti akaeleza kwa lugha ya pale.

Ukiwa umekulia kwenye mabanda ya video, mambo haya unayajua tayari. Msimulizi wa mabanda hayo, Lufufu, alipokuwa akisimulia muvi za Kichina na za Kimarekani kwa Kiswahili, akiwapa wahusika majina ya kwetu na kuongeza utani wake, watu walilipa kiingilio kwa ajili ya sauti yake kuliko kwa ajili ya muvi. Japani walikuwa na kazi hiyo hiyo tangu enzi za kimya. Msimulizi aliyekaa kando ya kitambaa aliitwa benshi, na benshi hodari aliandikwa kwenye tangazo la ukumbi kama nyota. Alieleza kisa, akaigiza sauti za wote, akalia pale pa kulia.

Kwa mhifadhi wa filamu, mpangilio huu unaongeza tatizo. Filamu yenye sauti pembeni ni vitu viwili, na kila kimoja kinaweza kupotea peke yake. Santuri huvunjika. Msimulizi huzeeka. Hata ukiupata utepe ukiwa mzima, huenda umepata nusu tu ya kile watu wa mwaka 1936 walichokiona na kukisikia pale uwanjani usiku.

Nani yumo kwenye picha?

Hapa ndipo ninapotaka kumrudia Hayakawa. Filamu yake imepotea na jina lake limebaki. Kwa Vugiri, hata pale filamu ilipobaki majina yamepotea, na vichwa vya filamu zilizookolewa vinaonyesha hivyo. Moja inaitwa Veterinary Training of African Natives. Nyingine African Peasant Farms. Watu wametajwa kwa kundi lao tu: wenyeji, wakulima. Wanaotajwa kwa majina kila habari ya mradi huu inaposimuliwa ni Notcutt, Latham na Davis, ambao hawakusimama mbele ya kamera kuchimba shimo wala kuibiwa mshahara.

Huo ni upotevu wa aina ya pili, nao hauhitaji unyevu wala moto. Unatendeka siku ile ile ya kupiga picha, pale anayeandika kumbukumbu anapoona kwamba jina la mwigizaji si la lazima.

Tofauti yake unaiona miaka 15 baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza Tanganyika filamu za Kiswahili zenye sauti, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu ya 1952, kisa cha mtu wa shamba anayekuja mjini na kutapeliwa. Onyo lile lile la Gumu, limevaa shati jipya. Nyota wake alikuwa kijana mtumishi wa ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa, na mwaka 1962 kijana huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Ndiyo maana kila anayeandika juu ya sinema yetu ya zamani humtaja. Sidhani kama wangemtaja kwa bidii hiyo angebaki kuwa mwigizaji tu.

Makopo yanayorudi

Neno "imepotea" katika fani hii halina maana ya mwisho kama kifo. Mwaka 1971 mwongozaji wa Kijapani Teinosuke Kinugasa aliikuta filamu yake ya kimya ya 1926, A Page of Madness, ndani ya ghala la nyumbani kwake, wakati dunia ilikuwa imeshaiandika kwenye orodha ya zilizopotea. Mwaka 2008 sehemu zilizokosekana za Metropolis, filamu ya Kijerumani ya 1927, zilipatikana kwenye jumba la makumbusho ya sinema huko Buenos Aires. Nakala hiyo ilikuwa ya milimita 16, yenye mikwaruzo tele, na hakuna aliyelalamika.

Kinugasa aliikuta yake nyumbani, lakini mara nyingi filamu hurudi kutoka mahali alipofika mwonyeshaji, mbali na zilikotengenezwa. Kwa filamu za Vugiri hiyo ina maana ya stoo za misheni, ofisi za mashamba ya zamani ya mkonge na chai, shule kongwe, na nyumba za watoto wa watu waliofanya kazi serikalini kabla ya uhuru, huku na Ulaya.

Kwa hiyo, ukiwa unasafisha stoo ya aina hiyo, iwe Kimamba, Kilosa au Korogwe, ukakutana na kopo la bati la duara, fanya hivi:

- Lifungue polepole, mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na mshumaa.
- Nusa. Harufu ya siki ni dalili ya asiteti inayoharibika. Utepe unaonata au wenye unga wa kahawia huenda ni wa naitreti. Ufunge, utoe nje ya nyumba, uweke kivulini.
- Tazama ukingo wa utepe. Mara nyingi huandikwa SAFETY au NITRATE kwa herufi ndogo.
- Usiukunjue wote, usiufute kwa maji, na usikubali mtu auweke kwenye projekta "kujaribu". Utepe ulionywea huchanika matundu ya pembeni kwa sekunde chache.
- Nakili kila kilichoandikwa kwenye kopo, hata kama ni namba tupu. Kama kuna santuri karibu, usiitenganishe na kopo.
- Toa taarifa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Kuna na kazi ambayo haihitaji kopo lolote. Filamu ya Kingolwira ipo, imehifadhiwa Uingereza, na nyuso zilizomo zinaonekana. Kinachohitajika ni kuirudisha ionyeshwe palepale Kingolwira, mchana, kwa wazee, na mtu akae na daftari. Aliyekuwa na miaka kumi wakati inapigwa sasa ana miaka kama mia, na wengi wa watakaoitwa watakuwa watoto na wajukuu. Wajukuu nao huijua sura ya babu yao, kwa picha iliyokuwa ukutani au kwa jinsi mjomba fulani anavyotembea. Majina machache yakipatikana, yataandikwa kwenye kumbukumbu za filamu hiyo kando ya jina la Notcutt.